Uliza Programu Kwanza, Laptopu Baadaye

Leo tuongee kuhusu kununua laptopu, na hasa kuhusu swali ambalo wengi wetu hatuliulizi tunapoinunua: mashine hii itafanya kazi gani, na kwa programu ipi?

Tuanze na mahindi, maana huku kwetu, kutoka Moi's Bridge na Kitale hadi Bungoma, hesabu ya kila kitu huanzia hapo. Mwishoni mwa 2023 serikali ilitangaza kwamba bodi yake ya nafaka, NCPB, itanunua gunia la kilo 90 kwa shilingi 4,000. Tuchukue bei hiyo, ingawa kila mkulima aliyewahi kupanga foleni nje ya maghala ya Moi's Bridge anajua kuwa bei hupanda na kushuka, na kwamba dalali wa barabarani hatoi kiasi hicho. Laptopu ya mtumba, hizi tunazoziita ex-UK, ikiuzwa shilingi 28,000 ni magunia saba. Laptopu mpya ya 70,000 ni magunia kumi na saba na nusu. MacBook mpya huweza kupita magunia thelathini. Magunia hayo yamelimwa, yamepaliliwa, yamepigwa dawa ya viwavijeshi, yamepukuchuliwa na kuanikwa kando ya lami mvua ikitishia. Mzazi akiyauza anunue mashine isiyoweza kufungua programu ya masomo ya mwanawe, msimu mzima umekwenda bure.

Na hutokea. Barua za vyuo zikitoka, familia inachanga, mzazi anaingia dukani na kusema, "Nipe laptopu nzuri." Mwenye duka hajui kijana anakwenda kusomea nini. Anamwonyesha aliyo nayo, anaifuta vumbi, anaiwasha, taa zinang'aa, pesa inapita kwa M-Pesa. Wiki tatu baadaye mwalimu anataja programu darasani, na ndipo kijana anapojua kwamba mashine yake haiiwezi.

Ninavyoona mimi, tunauliza maswali kinyumenyume. Tunaanza na bei, tunafuata na sura ya mashine, na programu tunaikumbuka mwisho. Yapasa tuanze na jina la programu. Ukishalijua jina, unatafuta inakubali mfumo gani wa kuendesha kompyuta: Windows, macOS ya Apple, Linux, au ChromeOS ya Google. Ukishaujua mfumo, ndipo unatafuta mashine yenye nguvu ya kuubeba. Mfuko ndio utakaoamua kati ya zile mashine zilizobaki.

Si wazazi peke yao wanaoanzia upande mbaya. Mnakumbuka kampeni za 2013, Jubilee ilipoahidi laptopu kwa watoto wanaoingia darasa la kwanza. Taifa zima likabishana kuhusu mashine: nani atapata zabuni, kwa bei gani, zitalindwaje zisiibwe. Vifaa vilipoanza kusambazwa mwaka 2016, laptopu za watoto zilikuwa zimegeuka vishikwambi. Chuo Kikuu cha Moi, jirani yetu wa Eldoret, kiliungana na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno katika kazi hiyo, na chuo kikuu cha JKUAT kikashirikiana na Positivo BGH. Vifaa zaidi ya milioni moja vikafika shuleni. Lakini mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa na swali lake: nikishakiwasha, mtoto atasoma nini humu ndani, na mimi nimefundishwa kukitumia? Shule nyingi ziliishia kuvifungia kabatini. Sisemi mradi haukuwa na faida. Nasema lile swali la mwalimu lilistahili kuulizwa kabla ya zabuni.

Sasa tuseme kuna kijana wa Moi's Bridge aliyepata nafasi ya kusomea ujenzi pale Kitale National Polytechnic. Shangazi yake aliye Marekani anafurahi, anamtumia MacBook Air. Ni mashine nzuri sana. Ni nyepesi, haina feni ya kupiga kelele, na stima ikipotea saa kumi jioni betri yake inamfikisha usiku. Mwalimu akifundisha AutoCAD, ipo ya Mac, ingawa hailingani kwa kila kitu na ile ya Windows. Akifundisha ArchiCAD, nayo ipo. Kisha inakuja Revit ya kuchora majengo, inakuja Civil 3D ya barabara na mifereji, na hapo kijana amekwama. Zote mbili ni za kampuni ile ile ya AutoCAD, yaani Autodesk, na hutengenezwa kwa Windows pekee. Ndivyo ilivyo pia ArcGIS Pro ya wachora ramani na SolidWorks ya wahandisi wa mitambo.

Mtu atamwambia, "Weka Windows ndani ya Mac." Zamani iliwezekana kwa urahisi, Mac zilipokuwa zikitumia prosesa za Intel; Apple yenyewe ilitoa njia iliyoitwa Boot Camp. Novemba 2020 Apple ikaanza kuuza Mac zenye prosesa yake yenyewe, M1, na katika mashine hizo Boot Camp haipo. Leo itabidi atafute programu nyingine, kama Parallels ya kulipia, ya kuendesha Windows ndani ya Mac, na Windows hiyo ni ile iliyoundwa kwa prosesa za Arm. RAM inagawanywa kati ya mifumo miwili, na RAM ya MacBook haiongezwi baada ya kununua. Na baada ya hayo yote, Autodesk haikuahidi kwamba Revit itakubali kufanya kazi humo.

Kwa bei ya MacBook ile, shangazi angemnunulia laptopu ya Windows yenye RAM ya gigabaiti 16 na kadi ya michoro, na karo ya muhula ingebaki. Alichokosa ni ujumbe mmoja wa WhatsApp kutoka nyumbani wenye majina ya programu nne. Halafu kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi: Autodesk humpa mwanafunzi leseni bila malipo, ya mwaka mmoja, na huweza kuiongeza muda akithibitisha kwamba bado yuko chuoni. Basi mwanafunzi wa ujenzi hana haja ya kwenda kuwekewa AutoCAD ya wizi kutoka kwenye flashi ya mtu.

Twende kwa mama mwenye agroveti, anayeuza mbegu, mbolea na dawa za ng'ombe. Huyu hachori majengo. Shida yake ni kodi, na tarehe 30 Juni haimsubiri. Ritani ya mtu mwenye mapato ya biashara kwenye iTax, tovuti ya mamlaka ya kodi KRA, hujazwa katika fomu unayoipakua, na fomu hiyo ni jedwali la Excel lenye makro, yaani programu ndogo zilizofichwa ndani ya faili. Ukilifungua, juu panatokea mstari unaokuuliza kama unaziruhusu. Usipoziruhusu utajaza kila safu, utahesabu mauzo na gharama zako vizuri, lakini ukifika mwisho ukabofya kitufe cha Validate hakuna kinachotokea. Na bila kitufe hicho kufanya kazi, ile faili ya zip ya kupeleka KRA haitoki.

Tangu 2022 Microsoft imekaza zaidi. Faili yenye makro iliyotoka kwenye intaneti huzuiwa kabisa, na mstari unaotokea ni mwekundu usio na kitufe cha kuziruhusu. Dawa yake ni hii: funga faili, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, weka alama kwenye kisanduku cha Unblock, kubali, kisha ifungue upya. Ni watu wengi wanaolipa saiba kwa ajili ya hatua hiyo moja.

Sasa ona mfumo unavyohusika hapa. Kwenye Windows yenye Excel, fomu inafanya kazi. Kwenye Mac, makro hizo hukwama mara nyingi. Kwenye simu usijisumbue, kwa kuwa Excel ya simu haiendeshi makro. Kwenye Linux hakuna Excel, lakini hapa KRA imefanya jambo la kusifiwa: fomu hutolewa pia kwa muundo wa ODS, unaofunguka kwa LibreOffice, programu ya bure. Mwenye Linux hakuachwa nje. Natamani ofisi zote za serikali zingekuwa na fikira hiyo, kwa sababu mwananchi hapaswi kulazimika kununua bidhaa ya kampuni moja ndipo aweze kutii sheria ya nchi yake.

Halafu kuna eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024, mfanyabiashara hawezi kuondoa gharama kwenye hesabu ya kodi bila ankara ya eTIMS, kwa hiyo shule na mashamba makubwa yanayonunua kwa mama huyu yanaidai. Akitoa ankara chache kwa wiki, anaweza kutumia eTIMS Lite kupitia eCitizen, au hata kupiga *222# kwenye simu ya mulika mwizi. Akitaka ile programu ya kuweka kwenye kifaa chake, inakubali Windows na Android. Nionavyo, mama huyu kama biashara bado ni ndogo asiuze ng'ombe anunue laptopu. Simu yake na siku moja ya saiba mwezi Juni zinamtosha. Laptopu aifikirie stoo ikishapanuka, akahitaji kuweka hesabu za bidhaa na madeni ya wateja kwa programu kama QuickBooks au Tally. Na Tally, ajue mapema, ni ya Windows.

Mwalimu wa sekondari naye ana yake. Kazi zake nyingi za kiofisi hufanyika ndani ya kivinjari: TPAD, yaani tathmini ya walimu ya TSC, tovuti za baraza la mitihani KNEC, barua pepe. Kivinjari kipo kwenye kila mfumo, kwa hiyo hapo hana wasiwasi. Lakini kama anafundisha somo la Kompyuta, mambo hubadilika. Wanafunzi wa mtihani wa KCSE hutakiwa kutengeneza mradi wa karatasi ya tatu, na shule nyingi huutengeneza kwa Microsoft Access. Katika karatasi ya vitendo, upangaji wa kurasa shule nyingi huufanya kwa Microsoft Publisher. Access na Publisher hazipo kwenye Mac, hata kama umelipia Microsoft 365. Hazipo kwenye Linux. Na Publisher yenyewe, Microsoft imetangaza kwamba itaiacha Oktoba 2026. Anayeitumia kupitia usajili wa Microsoft 365 hataweza kufungua faili zake humo tena. KCSE ya mwisho inatarajiwa 2027. Mwalimu mkuu anayepanga kununua mashine za maabara aziweke tarehe hizo mbili mezani, azijadili na mwalimu wa somo, kabla hajatia saini.

Kuna jambo jingine la walimu, dogo lakini linaudhi. Mwalimu anachapa mtihani nyumbani kwa LibreOffice, anaupanga vizuri kurasa nne, mchoro wa moyo wa binadamu uko mahali pake. Anaupeleka kwenye flashi kwa ofisi ya shule, unafunguliwa kwa Word, kurasa zinakuwa tano na moyo umehamia chini ya swali la figo. Sababu mojawapo ni herufi. Word hutumia aina za herufi kama Calibri na Cambria ambazo ni mali ya Microsoft. Kompyuta isiyo na aina ya herufi iliyotumika huweka nyingine badala yake, na tofauti ndogo katika kila mstari huweza kujumlika hadi ukurasa unasogea. Ukimaliza kuchapa, hifadhi nakala ya PDF ndiyo uipeleke kupigwa chapa. PDF haisogei.

Wengine nitawapitia haraka. Mwanafunzi wa uuguzi pale chuo cha tiba cha KMTC Webuye anahitaji kuandika, kusoma PDF na kuingia mtandaoni. Mfumo wowote unamfaa, na pesa ya ziada aiweke kwenye vitabu. Mwanafunzi wa takwimu aulize chuo kinatumia nini: SPSS ipo kwa Windows na Mac, Stata na R zipo hata kwa Linux, na R ni ya bure. Anayesomea sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Kibabii atafurahia Linux, ila ahesabu RAM: Android Studio, ya kuundia programu za simu, hutaka gigabaiti 8 kwa uchache, na ikipata 16 ndipo inapopumua. Akitaka kuunda programu za iPhone, hana njia ila Mac, maana Xcode ya Apple haipo kwingine.

Mtayarishaji wa muziki wa injili mwenye studio ya chumba kimoja, kama amezoea FL Studio, anaweza kuitumia kwenye Windows au Mac. Logic Pro ni ya vifaa vya Apple tu. Mpiga video wa harusi na matanga anayetumia Premiere asiende Linux, Adobe haimo humo. DaVinci Resolve imo, na ina toleo la bure, lakini toleo hilo la bure kwenye Linux halisomi video za H.264 ambazo kamera nyingi hutoa, kwa hiyo atapoteza usiku mzima akibadilisha faili kabla hajakata hata picha moja.

Sasa nije kwenye ex-UK, kwa kuwa ndizo wengi wetu tutanunua, na hapa ningependa mshike kalamu.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10. Mashine yenye Windows 10 haikuzimika siku hiyo, inaendelea kufanya kazi, lakini haipati tena viraka vya usalama, isipokuwa aliyejisajili kwa muda wa ziada, unaoishia Oktoba 2026 kwa mtumiaji wa kawaida. Inayofuata ni Windows 11, na Windows 11 ina masharti: RAM ya gigabaiti 4 kwa uchache, diski ya gigabaiti 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, au ya AMD ya wakati huo. Sharti la prosesa ndilo linalowaumiza wanunuzi. Mashine za kizazi cha sita na cha saba, ambazo hazilitimizi, bado huuzwa Luthuli Avenue kule Nairobi na kutumwa huku kwa matatu ya usiku.

Kukijua kizazi ni rahisi. Muulize muuzaji jina kamili la prosesa, au bofya kitufe cha Windows, andika About, ulisome mwenyewe. Utaona kitu kama i5-6300U. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kile kistari: sita. Hiyo ni ya kizazi cha sita, na Windows 11 haiikubali rasmi. Ukiona i5-8350U, ni ya nane, imekubaliwa. Zikianza na kumi au kumi na moja, kama i5-1135G7, ni mpya zaidi. Neno i5 au i7 peke yake halikwambii kizazi. I7 ya kizazi cha nne inaweza kushindwa na i3 ya kizazi cha kumi na moja. Kwa majina ya madukani: HP EliteBook 840 G3 kwa kawaida ni kizazi cha sita, G4 ni cha saba, G5 ni cha nane. Lenovo ThinkPad T470 iko nyuma ya mstari wa Windows 11, T480 kwa kawaida iko mbele. Dell Latitude 7480 iko nyuma, 7490 kwa kawaida iko mbele. Kati ya G3 na G5 kwa macho hutaona tofauti kubwa, na huenda bei zikakaribiana. Ukiwa na haja ya Windows, ongeza magunia mawili uchukue ya kizazi cha nane. Mashine hizo za G5 na T480 zina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo unaweza kuanza na gigabaiti 8 na kuongeza msimu ujao.

Wapo watakaokuwekea Windows 11 kwenye G3 kwa njia ya mkato. Inawezekana, nimeziona zikifanya kazi. Lakini Microsoft haikuahidi kuendelea kuzipa viraka, na anayekuuzia akuambie ukweli huo.

Kabla hujatoa pesa, fanya mambo matatu papo hapo dukani. Izime, uiwashe upya ukibonyeza F10 kama ni HP, F1 kama ni ThinkPad, F2 kama ni Dell. Ikikuuliza nywila ambayo muuzaji haijui, iache, hiyo bado imefungwa na kampuni iliyokuwa nayo. Kisha fungua Command Prompt uandike powercfg, nafasi, mkwaju, batteryreport, neno moja. Itakuandikia ripoti na kukuonyesha ilikohifadhiwa. Humo kuna namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake leo. Ikiwa ya leo ni nusu ya ile ya mwanzo, dai punguzo au betri nyingine, maana stima ya huku mnaijua. Mwisho, hakikisha diski ni SSD. Mashine ya zamani yenye SSD huwaka haraka kuliko mpya yenye diski ile ya kuzunguka.

Je, mwenye G3 tayari aitupe? La, hata kidogo. Hapa ndipo ninapotaka watu waiangalie Linux bila woga. Ubuntu na Linux Mint ni za bure, zinaendesha mashine ya kizazi cha sita bila kusukumwa, na matoleo yao ya muda mrefu hupewa viraka kwa miaka mitano. Unaweza kuijaribu bila kufuta chochote: pakua faili yake, ambayo kwa Mint ni karibu gigabaiti tatu, kwa hiyo tafuta Wi-Fi badala ya kumaliza bando, iweke kwenye flashi ya gigabaiti 8, washa laptopu kupitia flashi hiyo, na mfumo mzima utafunguka ukiwa humo humo kwenye flashi. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa yako. Ukiridhika, iweke kwenye diski. Usiporidhika, chomoa flashi, Windows yako iko palepale. Kwa mwanafunzi wa KMTC, kwa mwalimu wa Historia, kwa katibu wa chama cha akina mama, hiyo ni laptopu ya miaka mingine kadhaa bila kuuza gunia hata moja.

Tena Kiswahili kimo katika programu za bure tangu zamani. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Waliweza kwa sababu programu yenyewe ilikuwa huria: hawakuhitaji kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kwamba soko letu linatosha. LibreOffice ya leo ilizaliwa kutokana na OpenOffice hiyo hiyo mwaka 2010.

Lakini sitawadanganya kwamba Linux ni ya kila mtu. Kijana wa Revit haimfai. Mwalimu wa Access haimfai. Kuna programu iitwayo Wine inayoendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, ila neno la kushika ni baadhi; masomo ya mtu hayawekwi juu ya bahati.

Na hizo za kuvunjwa kufuli, Windows na Office za kuwekewa kwa shilingi mia tano, nazikataa waziwazi. Kisheria ni kosa, hilo mnalijua. Kinachonikera zaidi ni kwamba zile programu ndogo za kuvunja kufuli hukutaka kwanza uzime kinga ya virusi, na baada ya hapo hujui nani mwingine ameingia. Ni mashine hiyo hiyo utakayoingilia iTax, mkopo wa HELB na akaunti ya benki. Laptopu nyingi za ex-UK huja na leseni halali ya Windows iliyo ndani ya ubao mama. Ingia Settings, tafuta Activation, uone. Fundi akikwambia anataka kuifuta "akuwekee nyingine safi," muulize kwanza ile iliyopo ina kasoro gani.

Wazazi wenye vijana wanaoripoti chuoni, nawaomba jambo moja wiki hii. Pigeni simu kwenye idara ya kozi yenyewe, si kwa mapokezi, muulize ni programu gani wanafunzi wa mwaka wa kwanza hadi wa mwisho hutumia. Yaandikeni majina kwenye karatasi. Kama mna ndugu ng'ambo anayetaka kusaidia, ipigeni picha karatasi hiyo mumtumie kabla hajanunua chochote. Nanyi walimu wa vyuo vya Kitale, Bungoma na Eldoret mnaonisikia, iandikeni orodha hiyo kwenye barua ya kujiunga, chini ya karo na sare, pamoja na mfumo unaotakiwa na RAM isiyopungua. Haitawachukua hata nusu ukurasa.